Seva ya duka la dawa: kuzimika huku taa zinawaka

Simu iliingia Alhamisi tarehe 9 Februari 2023, jioni, kutoka kwa mwenye duka moja la jumla la dawa mjini Tanga. Hakusema mengi. "Mwanangu, seva imezimika tena, na umeme upo." Hilo neno "umeme upo" ndilo lililowapoteza mafundi walionitangulia, na mimi pia lilinipotezea nusu siku nzima.

Duka lina kompyuta 7, tano kaunta na mbili ghalani. Zote zinasoma kanzidata ya PostgreSQL iliyomo kwenye seva moja ya kusimama, yenye RAM ya GB 32 na diski mbili zilizofungwa kwa mtindo wa RAID 1, yaani kila moja ni nakala ya mwenzake, ikiendeshwa na mfumo wa Ubuntu 20.04. Seva ikizimika hakuna risiti inayotoka, na bila risiti ghala haliruhusiwi kutoa hata boksi moja. Zahanati za Muheza na Pangani hutuma mtu alfajiri aje kuchukua dawa na kuwahi gari la kurudi. Mtu huyo akikalishwa benchi mpaka mchana, kule alikotoka kuna mama amekaa na mtoto mwenye homa anasubiri. Nilikwenda na hilo kichwani, na ndiyo sababu nilikataa kubadilisha kifaa chochote kabla sijajua kinachotokea.

Vifaa vilikuwa vimeshabadilishwa vya kutosha. Seva ilipozimika Jumatatu tarehe 9 Januari, fundi wa kwanza alikuja kesho yake akaweka RAM mpya. Ikatulia, akalipwa, watu wakafurahi. Jumatatu tarehe 23 ikazimika tena. Fundi wa pili akafunga pawa saplai mpya tarehe 24, ikatulia tena. Halafu tarehe 9 Februari, saa tisa alasiri na dakika zake, ikaanguka. Mzee alikuwa amefika mahali pa kutaka kununua seva nyingine, na bei aliyotajiwa ni pesa ya kujaza rafu mbili za dawa.

Nilifika Ijumaa asubuhi. "Shikamoo Mzee." "Marahaba. Ingia mwanangu, mgonjwa wako yuko huku." Chumba cha seva ni stoo nyembamba nyuma ya kaunta, yenye rafu za maboksi ya dripu mpaka karibu na dari. Joto la kaskazi mnalijua. Kipimajoto changu kilisoma nyuzi 32 saa nne asubuhi, kiyoyozi kikiwa kimewashwa kitambo kidogo tu.

Swali langu la kwanza kwa seva yoyote inayozimika ni hili: imeambiwa izime, au imekatwa? Hivyo ni vifo viwili tofauti, na kila kimoja kina alama zake. Seva iliyoambiwa izime huaga. Kwenye kumbukumbu, yaani orodha ya matukio ambayo seva huiandika yenyewe, utaona huduma zikisimamishwa moja baada ya nyingine, diski zikifungwa, mpaka mstari wa mwisho. Aliyeiambia anaweza kuwa mtu, programu, kitufe cha mbele kilichobonyezwa na kiwiko, au kernel, kiini cha mfumo, ikijiokoa na joto, na hapo huandika waziwazi kwamba joto limefika kiwango cha hatari. Seva iliyokatwa haiagi. Kumbukumbu zake zinaishia katikati ya kazi ya kawaida, kisha unaanza uwashwaji mwingine. Wanaotumia Windows wanalo swali hilohilo kwa namba: 1074 ni ya kuzimwa kwa amri, nayo humtaja aliyeamuru, na 6008 na 41 ni za kuzimika bila kuaga. Wengi huiona 41 wakadhani wamepata sababu. Namba hiyo inasema tu kwamba mashine iliwaka bila ya kuwa imezimwa vizuri.

Nikaandika `journalctl --list-boots` kupata orodha ya kila uwashwaji, mwanzo wake na mwisho wake, kisha `journalctl -b -1 -e` nisome kurasa za mwisho za uwashwaji uliopita. Hakuna kuaga. Kila uwashwaji mpya ulianza kwa mfumo kulalamika kwamba faili la kumbukumbu halikufungwa vizuri, na PostgreSQL nayo ikisema `database system was not properly shut down; automatic recovery in progress`. Hapo nikajua seva hii haikuzimwa na mtu wala programu. Ilikatwa.

Kisha nikaingia kwenye njia ya uongo, na naieleza kwa sababu najua nitafuatwa humo na wengine. Tarehe 9 Januari mstari wa mwisho ulikuwa wa 07:17:01, cron, programu ya kuendesha kazi kwa ratiba, ikianzisha kazi zake za kila saa. Tarehe 23 Januari mstari wa mwisho, 07:17:01, cron ileile. Moyo ulinidunda. Nikafungua folda ya kazi za kila saa nikitafuta hati ya amri iliyoandikwa na mtu ikafanya uharibifu. Sikukuta kitu. Baadaye nikakumbuka mambo mawili. La kwanza, Ubuntu inaziendesha kazi hizo dakika ya 17 ya kila saa, usiku na mchana, na seva haizimiki kila saa. La pili ni kubwa zaidi: journald, huduma inayotunza kumbukumbu, haiandiki kila mstari diskini papo hapo. Kwa kawaida huvuta mpaka dakika 5 ndipo ikamwaga, isipokuwa ujumbe ukiwa wa hatari kubwa. Kwa hiyo seva inapokatwa, dakika zake za mwisho huenda nayo. Mstari wa mwisho unaouona si pumzi ya mwisho. Seva ile ingeweza kufa wakati wowote kati ya 07:17 na 07:22.

Saa zenyewe pia zilinichanganya, maana palikuwa na saa za aina tatu mle dukani. Seva ilikuwa inakwenda kwa saa ya UTC, saa tatu nyuma yetu. Ukuta wa duka unasema 10:20. Watu wanasema saa nne na dakika 20. Fundi wa pili alikuwa ameangalia kumbukumbu za "saa nne", yaani 04:00, akakuta seva inapumua vizuri, akahitimisha kwamba kumbukumbu haziaminiki. Kumbukumbu zilikuwa za kuaminika kabisa. Alikuwa anasoma saa moja asubuhi akidhani ni saa nne.

Joto nililiondoa kwa kulipima. Niliweka hati ndogo inayoandika joto la prosesa kila dakika, nikaipa seva kazi nzito ya kuhesabu kwa dakika 40. Prosesa ilipanda mpaka nyuzi 71 ikasimama hapo, feni zinazunguka zote. Makosa ya RAM hayakuwapo kwenye kumbukumbu, na RAM za seva za aina hii hujirekebisha na kuandika kosa zinapoanza kuchoka. Pawa saplai ilikuwa mpya. Nikakaa kwenye boksi la dripu sina la kufanya.

Aliyenitoa hapo ni dada wa kaunta. Alikuja kuuliza kama anaweza kuendelea kuuza, nikamwuliza, bila matumaini makubwa, anaona nini hasa seva inapozimika. Akasema, "Kaka, tunajua kwa sababu ya kile kidude cha taa za kijani. Zinazimika zote mara moja, halafu zinarudi. Tukiona hivyo tunajua kumekucha."

Kidude cha taa za kijani ni swichi ya mtandao, kifaa kinachounganisha seva na kompyuta zote, iliyopigiliwa ukutani juu ya mlango. Nikamwuliza mara ya pili, kwa sababu jibu hilo linabadilisha kila kitu. Zinazimika zote? "Zote. Kama kupepesa jicho refu."

Swichi haina uhusiano wowote na RAM ya seva, wala pawa saplai yake. Seva ikifa yenyewe, swichi inabaki inawaka, taa moja tu ndiyo inayozimika, ile ya kebo ya seva. Vifaa viwili vikifa kwa mpigo mmoja, kilichokufa ni kile vinachokula pamoja. Nikaifuata kebo ya swichi kwa mkono, ikapita nyuma ya rafu, nikaifuata ya seva, ikapita hukohuko. Tukahamisha maboksi kumi na kitu. Nyuma yake, sakafuni, imeegemea ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri, palikuwa na UPS ya VA 1500, kisanduku cha betri cha kubeba vifaa umeme unapokatika, yenye vumbi la kuandikia jina. Mbele yake taa nyekundu ndogo ilikuwa inawaka, ile yenye alama ya betri iliyokatwa msalaba.

Babu mlinzi alikuwa amesimama mlangoni akituangalia. "Hicho kilikuwa kinalia usiku," akasema. "Tangu mwaka jana. Nikamwambia kijana mmoja akakinyamazisha." Hakukosea. Hakuna aliyewahi kumwambia kinalilia nini.

Hapo ndipo "umeme upo" likafunguka. Kompyuta za kaunta na taa za dukani zinakula moja kwa moja kutoka ukutani. Seva na swichi peke yake zinapitia UPS. Umeme wa ukutani ulikuwapo kweli, lakini wa seva haukuwapo, na wote walikuwa wanapima kwa taa ya dari.

Bado swali moja lilibaki, na bila kulijibu ningekuwa nimebahatisha kama wenzangu. Betri mbovu ya UPS inaonekana umeme unapokatika. Hapa umeme haukukatika. Kwa nini UPS iiangushe seva katikati ya siku tulivu?

Nikaomba daftari la kaunta. Dada yule ana tabia nzuri ya kuandika kila siku iliyovurugika ili ajieleze kwa Mzee hesabu zisipolingana, na daftari lake lilinisaidia kuliko mashine. Tarehe 26 Desemba: umeme ulikatika asubuhi, ukarudi saa nne na dakika 20. Tarehe 9 Januari: seva, saa nne na dakika 20. Tarehe 23 Januari: seva, saa nne na dakika 20. Tarehe 26 Januari: umeme ulikatika mchana, ukarudi saa tisa na dakika 40. Tarehe 9 Februari: seva, saa tisa na dakika 40.

Hesabu kwa vidole. Siku 14, siku 14, kisha umeme unakatika na hesabu inaanza upya, siku 14 tena, na saa ni ileile ambayo umeme ulirudi. UPS nyingi za daraja hili hujipima zenyewe kila baada ya siku 14 tangu ziwashwe. Kujipima maana yake inajitoa kwenye umeme wa ukutani kwa sekunde chache, inabeba mzigo kwa betri, inaangalia kama betri inamudu. Betri ikiwa nzima, hakuna anayehisi. Betri ikiwa imekufa, UPS inaudondosha mzigo palepale, inagundua umeme wa ukutani upo, inarudi. Swichi inapepesa jicho refu. Seva, ambayo BIOS yake (mipangilio ya msingi ya mashine) ilikuwa imewekwa ibaki imezimwa baada ya kukosa umeme, inabaki imelala mpaka mtu aje aibonyeze.

Na hapo nikaelewa kwa nini kila tiba ilionekana kufaulu. RAM ilibadilishwa siku moja baada ya UPS kujipima, kwa hiyo ilikuwa na siku 13 za kutulia hata kama fundi angepuliza vumbi tu akaondoka. Pawa saplai vivyo hivyo. Ugonjwa unaokuja kila wiki mbili unamfanya kila mganga aonekane amejua. Siwalaumu. Lakini hakuna aliyeuliza ni siku ngapi zipite ndipo tuseme imepona, na hilo lilikuwa swali la bure lisilohitaji hata bisibisi.

Siku hizo mbili umeme ulipokatika kweli, seva pia ilizimika papo hapo pamoja na taa. Kila mtu aliliona hilo kuwa la kawaida. Kazi moja tu ya UPS ni kuibeba seva umeme unapokatika, na ilikuwa inashindwa mbele ya macho ya duka zima. Daftarini pameandikwa tu "umeme".

Sikutaka kungoja mpaka tarehe 23 Februari nithibitishe. Jumamosi tulifunga duka mapema, nikazima seva kwa adabu, nikaichomoa kwenye UPS, mahali pake nikachomeka ubao wenye balbu mbili za zamani za wati 60. Mzigo ni muhimu: ukijaribu UPS bila mzigo, au kwa chaji ya simu, betri iliyochoka itakudanganya kuwa nzima. Nikashikilia kitufe cha kujipima. Ndani ya UPS kikalia "ta", balbu zote mbili zikazimika, stoo ikawa giza, kikalia "ta" tena, zikawaka. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Akashusha pumzi.

Nikafungua kifuniko. Betri mbili za volti 12, saa-ampia 9, zimeungwa mfululizo kufanya volti 24. Mbavu zao zilikuwa zimevimba hata moja ikagoma kutoka, ikabidi kuivuta taratibu kwa mkanda wake. Mita ikasoma volti 12.9 kwa ya kwanza na 12.8 kwa ya pili. Ungeishia hapo, ungesema betri ni nzima, na mtu angeuziwa seva mpya. Lakini volti bila mzigo hazisemi betri ina nguvu kiasi gani. Nilichukua balbu ya taa kubwa ya gari, wati 55, nikaigusisha kwenye vichwa vya betri huku mita ikiwa imeshikwa palepale. Balbu iliwaka nyeupe kwa kiasi cha kusema "moja", ikageuka njano, ikawa uzi mwekundu. Mita ilishuka 11, 9, ikasimama 7.4. Betri nzima ya ukubwa huo ingekaa juu ya 12 kwa dakika kadhaa, na chini ya 10.5 inahesabiwa kuwa imekwisha. Ya pili ilifanya vivyo hivyo.

Sababu ya kufa kwake haina fumbo. Zilifungwa mwaka 2018. Betri za risasi zilizozibwa zimekusudiwa kuishi miaka 3 mpaka 5 zikikaa kwenye nyuzi 20 mpaka 25, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata maisha hayo nusu. Hizi zilikaa miaka minne sakafuni Tanga, zimefunikwa maboksi, kwenye ukuta unaopigwa na jua, kiyoyozi kikizimwa kila jioni.

Betri mpya mbili zilipatikana mjini siku hiyohiyo. Baada ya kuzifunga nilizichaji, nikachomoa UPS ukutani, balbu zile mbili zikawaka dakika 30, nikaacha mwenyewe bila betri kuishiwa. UPS sasa iko juu ya kirafu upande wa ukuta wa ndani, mbele yake hapawekwi kitu, na tarehe ya betri imeandikwa juu yake kwa kalamu nene.

Kulikuwa na kebo ya USB ya UPS ndani ya boksi lake la asili, haijawahi kufunguliwa. Niliichomeka kwenye seva nikaweka NUT, programu inayosoma hali ya UPS. Kabla ya kutupa betri za zamani niliirudisha mojawapo kwa jaribio, kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu. Nikaandika `upsc`, amri ya NUT ya kuuliza hali ya UPS, ikasomeka `OL RB`. OL ni kwamba umeme wa ukutani upo. RB ni kwamba betri ibadilishwe. Herufi nne hizo zingekuwa zinaonekana tangu mwaka uliopita. Sasa RB ikitokea, Mzee anapata ujumbe, na umeme ukikatika muda mrefu seva inajizima yenyewe kwa kuaga kabla betri haijaisha.

Mengine yalikuwa madogo. Saa ya seva nimeipeleka Africa/Dar_es_Salaam ili ukuta na kumbukumbu viseme lugha moja. Muda wa journald kumwaga diskini nimeushusha mpaka sekunde 30. BIOS nimeiweka iwashe seva umeme ukirudi.

Kwa kuwa UPS ilizimwa wakati wa kufunga betri, hesabu yake ilianza upya Jumamosi hiyo tarehe 11, saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo Jumamosi tarehe 25 Februari, robo saa kabla ya muda huo, nilimpigia simu dada wa kaunta nikamwomba asimame chini ya swichi asikate simu. Duka lilikuwa bado lina wateja wawili. Tukangoja. Nilisikia risiti ikichapwa, nikamsikia mteja akiuliza bei ya ORS, kisha kwa mbali, kutoka stoo, "ta". Sekunde chache. "Ta" tena.

"Dada, taa?"

"Zinawaka kaka. Hazijapepesa hata moja."

Printa ilikuwa bado inachapa.